Kigari cha telekomande: tuhesabu mawe kwanza



Bonane iliyopita, sita kati yetu tulitoa sehemu ya fungu letu la likirimba tukawanunulia watoto vigari vidogo vya telekomande. Hatukununua mahali pamoja. Wengine walinunua soko la Kadutu, wengine kwenye butiki za Nyawera, na mmoja alinunua kwa kijana anayepita nyumba kwa nyumba na karto kichwani. Bei hazikupishana sana: dola nne kwa kile cha chini, dola nane kwa kile cha juu. Tulipokutana tena tarehe 3 ya mwezi wa kwanza, vigari vinne kati ya sita vilikuwa vimenyamaza.

Mtu anaweza kusema, dola nne haziangushi nyumba. Lakini mama mmoja alitueleza jambo lililotukaa moyoni. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa ameahidiwa kigari hicho tangu mwezi wa tisa, kama atapata alama nzuri shuleni. Mtoto akasoma, akafaulu, akapewa. Siku ya Noeli alicheza tangu asubuhi. Jioni kigari kikasimama katikati ya nyumba, hakikusogea tena. Mtoto hakulia. Alikifuta vumbi kwa shati lake, akakirudisha ndani ya karto yake, kisha akauliza: "Mama, nimekosa nini?" Alidhani ni yeye aliyekiharibu. Mama yake hakuwa na jibu, maana yeye pia hakujua.

Kwa hiyo siku ile tuliamua kufanya kazi ya kialimu. Tulivikusanya vigari vinne juu ya meza moja, tukaazima turnevisi ndogo kwa fundi wa simu, tukavifungua kimoja baada ya kingine. Viwili havikuwa na ugonjwa wowote ila mawe yaliyokwisha. Cha tatu kilikuwa na nyuzi za blanketi na nywele zilizojiviringisha kwenye chuma cha magurudumu ya nyuma, zikakikaba kabisa. Cha nne kilikuwa na waya mmoja mwembamba ulioachana na kibati cha mawe. Fundi aliuunga kwa dakika chache. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimekufa. Tulikuwa karibu kuzika wazima.

Mwaka unazunguka, na watoto wataomba tena. Yale tuliyojifunza juu ya meza ile tunawaandikia hapa, ili pesa ya likirimba isipotee, na mtoto asijilaumu kwa kosa lisilo lake.

NDANI YA KIGARI MNA NINI

Tusiogope kitu ambacho mkono wa mtu umekitengeneza. Vigari vingi vya bei ndogo vinavyofika kwetu vimetoka China. Huko, katika jimbo la Guangdong, kuna mji wa Shantou wenye wilaya ya Chenghai, ambayo inajulikana duniani kote kwa viwanda vyake vya vitu vya kuchezea. Safari ni ndefu, na bei inabaki ndogo kwa sababu vitu vilivyomo ndani ni vichache sana.

Ndani kuna mota ndogo inayozungusha magurudumu ya nyuma. Mbele kuna mota nyingine, au sumaku ndogo yenye waya, inayopinda magurudumu kulia au kushoto. Kuna kibao chembamba kinachopokea amri kutoka kwenye telekomande. Na kuna chumba cha mawe, yaani mawe yale yale ya tochi na redio. Basi, hayo ndiyo yote.

Mama akijua hayo anaelewa jambo la kwanza: anayekula ni mota. Telekomande inatuma amri tu, nayo inatumia nguvu kidogo, hata mawe yake yanaweza kukaa miezi. Kigari kinasukuma mwili wake, kinapanda mkeka, kinagonga ukuta. Mawe yake yanakwisha upesi. Kigari kikisimama, tubadili kwanza mawe ya kigari. Wengi wetu tulikuwa tunatupa yote kwa pamoja, ya kigari na ya telekomande, na kumbe nusu yake ilikuwa bado nzima.

BEI YA KWELI IKO KWENYE MAWE

Tufanye hesabu kama darasani. Tuseme kigari kinauzwa faranga 12,000 na kinataka mawe matatu. Tuseme jiwe moja la bei ya chini ni faranga 500. Kila kubadili ni faranga 1,500. Mawe ya namna hiyo, yale mepesi ya bei ya chini, mota inayamaliza kwa saa moja au mbili za kucheza mfululizo. Mtoto akibadilisha mawe mara nane, tumetoa faranga 12,000 nyingine. Kigari kimenunuliwa mara ya pili, na bado mwezi wa pili haujaisha.

Kwa hiyo swali la kwanza sokoni lisiwe "bei gani?" Swali la kwanza ni: "Kinakula mawe mangapi, na ya namna gani?" Kigari cha dola nne kinachokula mawe manne kinaweza kuwa ghali kuliko cha dola saba chenye batri yake ndani.

Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni mawe mazito yaliyoandikwa "alcaline". Bei yake ni kubwa kuliko yale mepesi, lakini kwenye kitu chenye mota yanadumu mara kadhaa zaidi. Kwa tochi ndogo au saa ya ukutani, yale mepesi yanatosha. Kwa kigari, yale mepesi ni hasara.

Ya pili ni mawe ya kuchaji, yaliyoandikwa "rechargeable" na "1,2 V". Jiwe la kawaida lina 1,5 V. Kwa mawe matatu, kigari kitapata 3,6 V badala ya 4,5 V, kwa hiyo kitakimbia pole kidogo. Kwa mtoto wa miaka sita hilo si tatizo, hata ni faida. Mawe hayo yanachajiwa mamia ya mara. Kununua chombo cha kuyachaji ni mzigo kwa mama mmoja. Kwa kikundi cha wamama kumi ni kitu chepesi. Chombo kimoja na mawe manane vinaweza kuhudumia nyumba kadhaa kwa zamu.

Ya tatu ni kigari chenye batri ndani, kinachochajiwa kwa waya kama simu. Mara nyingi kinachaji saa moja au mbili, kinacheza kama dakika 20 au 30. Muda huo unaonekana mfupi, lakini unamfundisha mtoto kungoja. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, mama mwenye umeme wa jua wa kuchaji simu anaweza kukichaji mchana. Na tuwaambie watoto wetu jambo hili pia: batri nyingi za namna hiyo duniani zina kobalti ndani yake, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Huenda kitu kidogo kilichotoka katika udongo wetu kimezunguka dunia, kikarudi kwetu ndani ya kigari.

Maonyo mawili. Usichanganye mawe mapya na ya zamani katika kitu kimoja. Ya zamani yanavuja maji makali yanayokula vibati. Wala usiweke mawe karibu na moto ili yapate nguvu tena. Wengi tumeona bibi zetu wakiyaanika juani, na kweli yakipata joto yanaamka kidogo. Lakini moto unaweza kuyapasua usoni mwa mtoto. Jiwe lililochoka kwa kigari lipelekwe kwenye saa ya ukutani. Huko linaweza kutumika majuma mengi.

KUJARIBU PALE PALE SOKONI

Muuzaji anapenda kuonyesha karto. Karto ina picha ya gari linaloruka juu ya mlima na moshi mwekundu nyuma. Sisi hatununui karto.

Mama anayekwenda kununua achukue mawe yake mapya kutoka nyumbani, ndani ya mfuko. Maana muuzaji akisema "hakuna mawe ya kujaribia", wengi wetu tunalipa na kuondoka kwa imani tu. Kwenye karto nyingi kumeandikwa kwa Kifaransa "piles non incluses", maana yake mawe hayamo. Ukiwa na yako, hana sababu ya kukataa. Akikataa hata hivyo, nenda kwa jirani yake.

Weka mawe, washa kigari, kiweke chini juu ya karto iliyofunguliwa. Kisha jaribu haya:

Kiende mbele na kirudi nyuma. Tena kipinde kulia na kushoto kikiwa kinaenda mbele. Hapa pana mtego. Vigari vingine vya bei ya chini kabisa vinaenda mbele moja kwa moja tu, na vinapinda pale vinaporudi nyuma. Havijaharibika, vimetengenezwa hivyo. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne vinatosha, lakini mtoto wa miaka minane atachoka navyo siku ya kwanza. Kama vifungo vya telekomande ni viwili tu, uliza vizuri.

Piga hatua tano, kisha kumi, ukishika telekomande. Kigari kiendelee kusikia.

Kiinue mkononi, zungusha magurudumu polepole kwa kidole. Yasikwaruze, yasicheze ovyo kulia na kushoto.

Tazama mlango wa chumba cha mawe. Uwe unafungwa kwa visi. Kama unafunguka kwa ukucha tu, kirudishe. Tutaeleza sababu chini.

Sikiliza mota. Sauti ya kawaida ni kama ya nyuki. Sauti ya kusaga kama mahindi ni meno ya plastiki yaliyovunjika au yasiyokutana.

Kazi hiyo yote haichukui dakika tano. Kisha ndipo tukubaliane bei. Anayejaribu kwanza anapunguziwa kwa urahisi zaidi, maana muuzaji anaona kwamba unajua unachokitafuta.

TELEKOMANDE ZA NAMNA MBILI

Vile vigari vidogo kabisa, vinavyokaa kwenye kiganja, mara nyingi vinatumia mwanga usioonekana, kama telekomande ya televisheni. Huwezi kumwona mtu aliye nyuma ya ukuta. Vivyo hivyo kigari hicho hakisikii kama kuna kiti katikati. Na juani kinachanganyikiwa, kwa sababu jua lina mwanga wa namna hiyo hiyo mwingi mno. Mama anayenunua kigari hicho kwa ajili ya kucheza uani saa sita mchana atadhani ameibiwa. Ni cha ndani ya nyumba.

Tutajuaje? Telekomande yake haina antena, na mbele yake kuna taa ndogo au plastiki nyeusi. Fungua kamera ya simu, elekeza telekomande kwenye kamera, bonyeza. Kwenye simu nyingi utaona mwanga mweupe au wa zambarau ukiwaka, ambao jicho lako halioni. Tulilionyesha jambo hilo darasani kwa telekomande ya televisheni, na watoto hawakutaka kengele ilie.

Namna ya pili inatumia mawimbi ya redio. Inasikia mbali zaidi, hata nyuma ya kiti, hata juani. Kwenye karto kumeandikwa namba: 27 MHz, 40 MHz, 49 MHz au 2,4 GHz. Namba hizo zina maana kwa mama mwenye watoto wawili. Ukinunua vigari viwili vya 27 MHz, mtoto mmoja akibonyeza, vyote viwili vinaweza kwenda. Katika nyumba moja ya kikundi chetu, ndugu wawili walipigana kwa sababu hiyo, kila mmoja akisema mwenzake anamwibia gari. Hakuna aliyekuwa mwizi. Chukua kimoja cha 27 na kingine cha 40 au 49, au vyote viwili viwe vya 2,4 GHz, maana hivyo kila kimoja kinaifahamu telekomande yake tu, na vingi vinaweza kucheza pamoja.

SAKAFU YETU IKOJE

Vigari hivi vimetengenezwa kwa nyumba zenye sakafu laini. Bukavu tunakaa kwenye vilima. Wengine tuna simenti, wengine mbao, wengine udongo, na nje ni mteremko, mawe na matope ya mvua. Gurudumu lenye ukubwa wa kifungo cha koti halivuki hata ufa wa simenti.

Basi tupime kwa macho. Kama nyumba ina simenti nzuri, kigari cha kiganjani kinafaa. Kama ni udongo au uwanja, tuchukue chenye magurudumu makubwa na tumbo lililoinuka juu, hata kama si kizuri kwa rangi. Kisichezwe kwenye maji. Vigari vya bei hiyo havikufungwa vizuri, na maji yanakula kibao. Na kila juma mama au mtoto mkubwa atoe nywele na nyuzi kwenye chuma cha magurudumu kwa sindano au kijiti. Kile kigari chetu cha tatu kilihitaji kazi hiyo tu.

Baada ya kucheza, kifungo cha kuwashia kizimwe. Kigari kinachosimama bila kuzimwa kinaendelea kusikiliza, na kusikiliza nako kunakula mawe. Mtoto akilala bila kuzima, asubuhi hakuna mchezo. Kama hakitachezwa kwa majuma kadhaa, mawe yatolewe yasije yakavuja.

JAMBO LA HATARI: JIWE DOGO KAMA KIFUNGO

Hapa, wamama, tunaomba tusome polepole.

Telekomande nyingine ndogo, na vigari vingine vyenye taa au muziki, vina mawe madogo bapa yanayong'aa, kama kifungo cha shati au sarafu. Mtoto mdogo anaweza kuyameza, au kuyatia puani au sikioni. Si kama kumeza mbegu ya chungwa. Jiwe hilo likikwama kooni, nguvu yake na maji ya mwili vinatengeneza kitu kikali kama soda ya kuchoma, na linaweza kuanza kutoboa nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili. Hata jiwe lililoonekana limekwisha bado linaweza kuunguza. Yale mapana kama sarafu ndiyo ya hatari zaidi.

Kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, ushauri wetu ni mmoja: usinunue kitu chenye jiwe la namna hiyo, hata kama kigari ni cha kaka yake wa miaka kumi. Kama kipo tayari, mlango wake ufungwe kwa visi, na mawe ya akiba yawekwe juu mbali kama dawa.

Dalili si wazi siku zote. Mtoto anatoa mate mengi, anakataa kula, anakohoa, anashika kifua, au anatapika. Ukidhani amemeza, usingoje kuona dalili. Usimtapishe. Usimpe chakula wala maziwa. Kimbia naye hospitali inayoweza kupiga picha ya radiografi, na sema neno hili mlangoni: "Amemeza jiwe la batri." Kama umelibakiza jingine linalofanana nalo, lichukue uwaonyeshe. Waganga wanashauri pia kwamba mtoto aliyepita mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12, apewe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 njiani, isizidi mara sita, ili kupunguza kuungua. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Na asali isiwe sababu ya kuchelewa nyumbani.

Kwa zile batri za kuchaji pia kuna sheria. Kigari kisichajiwe juu ya godoro au blanketi, wala usiku watu wamelala. Batri iliyovimba isichajiwe tena wala isitobolewe. Kwenye karto tazama pia alama ya uso wa mtoto na namba 0-3 iliyokatwa kwa mstari. Maana yake kitu hicho si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu kina vipande vya kumeza.

WASICHANA JE?

Katika vigari sita vya Bonane, vyote sita vilikwenda kwa wavulana. Hakuna aliyepanga hivyo, tulizoea tu. Lakini siku ya kuvifungua mezani, aliyeshika turnevisi kwa utulivu kuliko wote alikuwa msichana wa miaka kumi, binti wa mmoja wetu. Ndiye aliyeuona ule waya ulioachana, kabla yetu sisi walimu. Kigari kinamfundisha mtoto kulia na kushoto, mbali na karibu, kukadiria, kungoja zamu. Hakuna somo hapo ambalo msichana halihitaji.

KAMA PESA HAIPO

Si kila nyumba ina dola tano za kuchezea, na mama asione haya. Watoto wa Kongo wanajua kutengeneza magari ya waya na makopo, yenye usukani mrefu wa kushika wakiwa wamesimama. Kule Goma wanatengeneza hata vichukudu vyao vya mbao kwa kuwaiga baba zao. Mtoto aliyekunja waya mwenyewe amejifunza zaidi ya yule aliyebonyeza kifungo. Na kigari cha telekomande kilichokufa kweli kweli kisitupwe: mota yake ikiungwa na jiwe moja na karatasi iliyokatwa kama bawa, inakuwa kipepeo cha kupunga upepo. Tunafanya hivyo shuleni, na hakigharimu kitu.

Kwa vikundi tunapendekeza hivi. Badala ya kila mama kununua kigari kibovu kwa dola nne, wamama watatu wa uwanja mmoja waunganishe, wanunue kimoja kizuri na mawe ya kuchaji. Watoto watacheza kwa zamu. Watagombana siku mbili, siku ya tatu watajipangia sheria wenyewe.

MASWALI MATANO YA KUBEBA SOKONI

Mnaweza kuyanakili kwenye karatasi ndogo:

1. Kinakula mawe mangapi, au kina batri ya kuchaji?
2. Kinapinda kikiwa kinaenda mbele?
3. Kinatumia mwanga au redio, na namba ya redio ni ngapi?
4. Magurudumu yake yanafaa sakafu ya nyumba yetu?
5. Chumba cha mawe kimefungwa kwa visi, na hakuna jiwe la kifungo?

Tumalizie na yule mtoto wa miaka saba. Kigari chake kilikuwa kimoja kati ya vile viwili vilivyokosa mawe tu. Mama yake alikirudisha nyumbani jioni ile, akamwita, akamwekea mawe matatu mkononi ayatie mwenyewe. Kilipokimbia, akamwambia: "Hukukosa kitu, mwanangu. Kilikuwa na njaa." Mama anatuambia kwamba tangu siku hiyo mtoto hasahau kukizima kabla ya kulala.

Mkutano ujao, mwenye kigari kilichonyamaza akilete. Turnevisi tumekwisha kuinunua, ni ya kikundi.